Jinsi ya kupata kazi inayoendana na wewe: anza kwa kuulizia Jumanne yake

Kila mwaka matokeo yakitoka lazima niletewe mtoto. Mara wa dada, mara wa jirani, analetwa Jumapili mchana, anakaa kwenye kochi na simu yake, mama mtu anaingia jikoni anajifanya anasaidia kupika kumbe anasikiliza, afu naambiwa "hebu ongea na mdogo wako, hajui hata anataka kuwa nani". Na mimi natakiwa nimalize hilo suala kabla wali haujaiva. Nimechoka kurudia maneno yale yale, nimeona niandike kila kitu hapa, nikiletewa mwingine namtumia asome. Na we mwenye miaka 30 na kitu ambaye unaenda kazini unahesabu siku mpaka mshahara utoke, hii inakuhusu pia, tena we zaidi.

Nianze na mimi ili ujue naongea kutokea wapi. Advance nilisoma EGM, yaani uchumi, jiografia na hesabu, uchumi wala sikuwa naupenda, nilifaulu hesabu na jiografia basi. Chuo nikasoma uhasibu kwa sababu baba alisema mhasibu hakosi kazi, na kweli sikukosa, nilipata kwenye kampuni moja ya malori huku Tabata kama msaidizi wa mhasibu. Kazi yangu kupanga vocha, kulinganisha stetimenti ya benki na leja, kukusanya risiti za mafuta kwa madereva, kesho yake hivyo hivyo. Saa nne asubuhi nishaangalia saa mara sita. Miaka miwili na nusu nilijua mimi ni mvivu. Mama alinipeleka mpaka kwenye maombi, mtumishi akasema kuna roho ya kukataliwa, sawa, nikaombewa, Jumatatu nikarudi kwenye vocha zangu nikasinzia vilevile.

Afu dada mmoja wa operesheni akaenda likizo ya uzazi. Kama hujui, operesheni kwenye kampuni za malori ndo wale wanaojua kila gari liko wapi, limebeba nini, dereva amebakiwa na posho kiasi gani na kwa nini hajafika. Nikaambiwa nimshikie zile siku zake 84. Wiki ya pili tu, gari moja limezuiwa mizani ya Vigwaza ekseli ya nyuma imezidi, lingine liko mpakani Tunduma namba ya kontena kwenye makaratasi imekosewa tarakimu moja, la tatu liko foleni ya Kasumbalesa, mpaka wa Zambia na Kongo, siku ya nne, dereva posho imekata na ananiambia dada usiponitumia hela leo mi gari naliacha hapa hapa. Simu mbili, kila sikio na yake. Nilikuja kula saa moja usiku. Niko kwenye daladala narudi nyumbani ndo nikashtuka, leo sijaangalia saa hata mara moja.

Ndo pale nikaelewa kwamba kazi ina jina na ina siku. Jina ni lile unalotamka ukweni wakikuuliza unafanya nini, mhasibu, nesi, mwanasheria, injinia. Siku ni kile unachokifanya toka saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, na ukweni hawapo hapo, uko peke yako na hiyo siku. Wengi tunachagua jina. Na nikisema siku namaanisha Jumanne ya kawaida kabisa. Siku ya kuvaa joho usiihesabu, na siku ya bonasi hivyo hivyo, naongelea Jumanne ambayo hamna kikao, hamna mgeni, hamna keki ya bethdei ya mtu, ni wewe na kazi. Kama hiyo Jumanne unaiweza bila kujisukuma sana basi kazi inakufaa hata kama jina lake halina sifa.

Sasa unajuaje Jumanne ipi ni yako.

Nunua daftari dogo, la mia tano linatosha. Kwa wiki mbili kila usiku kabla hujalala andika vitu vitatu. Saa gani leo ilikimbia bila wewe kujua na ulikuwa unafanya nini. Saa gani iligoma kwenda. Na watu leo wamekuita kwa ajili ya nini. Usiandike hisia nyingi wala mashairi, andika tendo. "Nilikuwa namuelekeza mdogo wangu kujaza fomu ya mkopo" inakusaidia, "nilifurahi" haikusaidii kitu. Hapo hata mwanafunzi anaweza, hata mtu ambaye hana kazi yuko nyumbani anaweza, kwani nyumbani nako siku ina saa zinazokimbia na zinazogoma.

Hilo la tatu, watu wanakuita kwa ajili ya nini, ndo muhimu kuliko yote na ndo watu wanalirukaga. Mi nina kipimo changu ambacho sijaona kikifeli mpaka leo, nacho ni msiba. We angalia siku ya kwanza ya msiba wowote wa ukoo. Hamna aliyepanga majukumu, hamna anayelipwa, na bado ndani ya masaa mawili kila mtu ashajikuta mahali. Kuna wale watafunga turubai, watawasha jenereta, watakata kuni. Kuna mmoja anazunguka anauliza daktari alisema nini hasa, presha ilikuwa ngapi, alipewa dawa gani, hatulii mpaka apate mtiririko wote. Kuna wa kuandika wasifu wa marehemu na kuchagua picha nzuri ya kuweka mbele. Kuna shangazi ambaye hafanyi kitu chochote cha kuonekana, anakaa na mfiwa tu kwenye mkeka, na mfiwa anakunywa uji kwa sababu yake. Kuna wa kupiga simu watu watoe, akikupigia yeye lazima utume, na ndo huyo huyo atamshusha bei mwenye basi. Na kuna aliyekaa mlangoni na daftari la rambirambi, jioni hesabu yake haikosi hata shilingi mia.

Kuna mwanasaikolojia wa Marekani anaitwa John Holland, toka mwaka 1959 alikuwa anaandika kwamba watu kwenye kazi wako makundi sita: wa mikono, wa kuchunguza, wa sanaa, wa kuhudumia watu, wa kushawishi na kuongoza, na wa utaratibu na kumbukumbu. Zile tests za kazi unazokutana nazo kwenye simu nyingi zimetoka humo. Nilivyosoma hayo makundi nikacheka, hawa si ndo watu wa msibani kwetu. Na yeye mwenyewe hakusema mtu ni kundi moja tu, alisema ni mchanganyiko, kuna moja linaongoza na mengine yanafuata. Fanya hizo tests ukitaka, hazina ubaya, zinakupa maneno ya kujielezea, ila usizipe mamlaka. Mtu anajibu test kwa jinsi anavyotamani kuwa. Msibani hamna muda wa kutamani.

Mimi nyumbani kwetu ni Mbinga, tunaishi Dar. Ikitokea msiba toka nipo form six mimi ndo wa magari. Nani anapanda kosta ipi, dereva wa pili ni nani, tunajaza mafuta wapi, tunapumzika Makambako au tunaunganisha, bibi anayehitaji kushuka kila baada ya saa moja akae siti gani. Nilikuwa nafanya hivyo miaka yote na hamna mtu hata mmoja, hata mimi, aliyewahi kusema kwamba hiyo ni kazi, watu wanalipwa. Mlangoni kwenye daftari la rambirambi hawajawahi kuniweka, na bado tukakubaliana wote kwamba mimi nikasome uhasibu.

Kwa hiyo ukimaliza wiki mbili chukua daftari lako utafute tendo linalojirudia, tendo ulitafute we, usiwaze kozi kwanza. Kupanga, kurekebisha kilichoharibika, kuelezea mtu mpaka aelewe, kubembeleza, kukagua makosa, kuuza, kukaa na mgonjwa. Ukishalipata utaona kazi nyingi zenye majina tofauti kabisa zina tendo hilo hilo. Mtu wa kukagua makosa anaweza kuwa mkaguzi wa hesabu, anaweza kuwa maabara, anaweza kuwa mhariri, anaweza kuwa kwenye kiwanda anaangalia ubora. Hapo uwanja unakuwa mpana, huna haja ya kulia kwamba umekosa kozi moja.

Baada ya hapo nenda kwa watu. Hapa ndo vijana wanaharibu. Anaenda kwa mkurugenzi anamuuliza "nifanyeje ili nifanikiwe kama wewe", mkurugenzi anampa hotuba ya nidhamu na kumtanguliza Mungu, anarudi hajui chochote. Mtafute mtu mwenye miaka miwili mitatu kwenye hiyo kazi, bado yuko chini, bado anaumia, huyo atakuambia ukweli. Kwenye grupu la WhatsApp la shule uliyosoma hawakosekani. Usimwambie "naomba ushauri", inamtisha, anadhani unataka akutafutie kazi. Mwambie naomba dakika 20 nikuulize siku yako inavyoenda, soda juu yangu. Watu wanapenda sana kuongelea kazi zao hujui tu.

Na maswali yawe ya siku. Jana ulifanya nini toka umefika mpaka umetoka, nitajie kimoja kimoja. Kitu gani kinakukera kila wiki bila kukosa. Waliokuwa nawe wakaacha, waliacha kwa nini. Mwezi gani ni mgumu. Na lile la mwisho, kukitokea kazi nyingine inakulipa sawa sawa ungehama? Muangalie uso kabla hajajibu.

Binamu yangu alikuwa anapenda keki, kila mtu alikuwa anamwambia fungua biashara, akafungua. Kumbe kuoka ni saa tatu tu kwenye siku, zilizobaki ni kufuata mayai, kubishana na mtu wa boda aliyeinamisha boksi, kudai watu hela zao, Ijumaa hulali kwa sababu Jumamosi kuna harusi tatu, na mteja anakutumia picha ya keki ya ghorofa tano ana bajeti ya elfu arobaini. Alidumu miezi nane. Alikuwa anapenda keki, Jumanne ya keki hakuipenda, na angekaa wiki moja jikoni kwa mtu anayefanya hiyo kazi angeokoa mtaji wake. Vilevile wale watoto wanaotaka sheria kwa sababu nyumbani ni wabishi. Mdogo wangu, mwanasheria sehemu kubwa ya siku anasoma na kuandika, siku nyingine anakaa benchi mahakamani toka asubuhi anakuja kusikia kesi imeahirishwa, na ukitaka kuwa wakili baada ya digrii kuna Law School inakusubiri. Kama kusoma kurasa 60 bila picha kunakupa usingizi basi ubishi wako utumie kwenye mpira.

Ukishasikia, onja. Kuonja kwa bei ndogo, sio kwa kuacha kazi au kuuza kiwanja. Kama uko chuo field ndo nafasi yako, na nawaomba msichague sehemu ya field kwa sababu iko karibu na nyumbani au kwa sababu hawasumbui kusaini logbook, zile wiki nane ndo mtihani wa bure utakaopewa maishani. Kama umemaliza na uko nyumbani, TaESA, wale wa serikali wa huduma za ajira, wanaunganishaga vijana na nafasi za mafunzo ya uzoefu kazini, jaribu. VETA wana kozi fupi za wiki chache mpaka miezi michache, mapishi, udereva, umeme, ushonaji, ufundi wa friji na AC. Kama umeajiriwa tumia Jumamosi. Nenda gereji, nenda saluni, nenda kwa mtu wa clearing anayetoa mizigo bandarini, nenda shambani kwa mtu anayelima nyanya kweli kweli, sio yule anayefundisha kilimo cha nyanya kwenye simu.

Ila kujitolea kuwe na mwisho. Weka miezi mitatu, andika tarehe. Nimeona watu wanajitolea miaka miwili, nauli inatoka kwa mama, kazi wanafanya kuliko waajiriwa, kila robo mwaka wanaambiwa nafasi zitatangazwa. Miezi mitatu inatosha kujua kama Jumanne inakufaa, ikizidi hapo unamfaa mwenye ofisi tu.

Sasa hela, maana kuna watu watakuambia fuata ndoto hela itakufuata, wakati wao ndoto yao ni kukuuzia semina. Fanya hesabu ya kile kinachofika mfukoni, sio kile kilichoandikwa kwenye barua. Mfano umeahidiwa laki sita. NSSF ya kwako asilimia 10, elfu 60 imeenda. Inabaki 540,000 ambayo PAYE yake, ile kodi ya mshahara, kwa viwango vilivyopo ni elfu 24. Ulisoma kwa mkopo wa HESLB? Asilimia 15 ya mshahara wa msingi, elfu 90. Umebaki na 426,000 kabla hujapanda daladala. Toa nauli, toa chakula, toa kodi na ukumbuke mwenye nyumba hataki ya mwezi anataka ya miezi sita kwa mkupuo, toa ile ya mama ya kila mwezi na ada ya mdogo wako, maana hiyo haimo kwenye vitabu vya wazungu lakini kwetu ni kama kodi ya pili. Kinachobaki ndo mshahara wako. Fanya hesabu hiyo hiyo kwa kazi unayoiwaza. Uijue namba yako ya chini kabisa, ambayo ukishuka hapo hata Jumanne ikiwa nzuri vipi utaanza kuichukia kwa sababu ya njaa.

Kuna milango nayo inabidi uijue mapema, ningeambiwa zamani ningeshukuru. Kwa mliomaliza form four, tahasusi, yaani combination, inafungua na inafunga. Ukienda bila kemia na baiolojia usije kulia mbele ya udaktari, ukienda HKL, historia, Kiswahili na Kiingereza, hesabu ishakuaga. Ukipangiwa usichotaka kuna kipindi mfumo wa Selform wa TAMISEMI unafunguliwa unabadili mwenyewe tahasusi au chuo, hicho kipindi ni kifupi na wengi kinawapita wako kijijini hawana bando. Na tahasusi zenyewe ziliongezwa sana mwaka 2024, usichague kwa zile tano alizozijua kaka yako. Halafu advance sio njia pekee, kuna chuo cha kati, unaingia NTA level 4, ngazi ya cheti, unatoka level 6 na diploma, ukiwa na GPA ya 3.0 kwenda juu unaweza kuomba digrii, na we tayari umeshashika kazi kwa mikono wakati mwenzako anakariri. Zamani tulikuwa tunaona aliyeenda chuo cha kati amefeli. Mi siku hizi ukiniuliza kwa mtoto ambaye anajua tendo lake, namwambia aende huko huko mapema.

Kwa fundi aliyejifunza chini ya mwembe, VETA wana utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, wanakupima, wanakuongezea pale palipopungua, unapewa cheti. Namjua fundi ambaye kabla ya cheti alikuwa anaingia sait kupitia jina la mtu mwingine, sasa anaingia kwa jina lake. Kwa anayewaza serikalini, matangazo mengi ya Ajira Portal yanaweka umri usiozidi miaka 45, kwa hiyo kama una 43 acha kuwaza tuma. Na kwa upande wetu wa mizigo, kuna cheti cha EACFFPC cha mambo ya forodha na uwakala kinafundishwa Chuo cha Kodi, na NIT, chuo cha usafirishaji pale Mabibo, wana kozi za usafirishaji na lojistiki, mi hivyo vyote nilikuja kuvijua nikiwa nishakaa operesheni mwaka mzima.

Halafu wazazi. Hapa siwezi kukudanganya, hamna fomula. Baba yangu mimi nilivyomwambia nahama uhasibu naenda kufuatilia malori alikaa kimya, afu akauliza, "Utakuwa tingo?" Nilicheka lakini iliniuma. Kosa langu nilienda na maneno matupu. Mzee aliyekusomesha kwa kuuza kahawa debe kwa debe huwezi kumwambia hii kazi haina furaha, furaha kwake ni ada kulipwa. Nenda na vitu. Nenda na mshahara ulioandikwa, nenda na jina la cheo, nenda na mtu mmoja anayemheshimu, mimi nilimtumia baba mdogo ambaye ni dereva wa masafa, alimwambia "kaka, hawa ndo wanaotutuma sisi, sisi tunawaogopa". Ikaisha siku hiyo. Na usitangaze kabla hujaonja, maana ukisema leo unataka ubunifu wa mavazi, Desemba unataka kilimo, Machi unataka udereva, hata ukija kuwa sahihi hawatakusikiliza.

Kingine ambacho nakiona sana, watu wanadhani kubadili kazi ni kubadili kila kitu, unaacha benki unaenda kufuga samaki. Wengi wanachohitaji kiko meza mbili mbele. Mi sikuacha kampuni. Yule dada aliporudi likizo niliomba nihamie operesheni, bosi akakataa, akasema mhasibu kumpata ni shida. Nikamwambia basi nitafunga hesabu za mwezi kama kawaida na Jumamosi nakaa operesheni bila nyongeza. Miezi sita. Mwezi wa saba dada mwenyewe akapata kazi kampuni nyingine na bosi hakuwa na mtu mwingine wa kumuita. Mshahara ulibaki ule ule mwaka mzima, hilo nalo nikuambie usije ukadhani mambo yanakuwaga kama kwenye tamthilia. Ila uhasibu haukupotea, dereva akiniletea risiti ya lita 400 toka Iringa mpaka Mbeya najua ananidanganya kabla hajamaliza salamu.

Na kuna watu ambao yote haya hawayahitaji, niseme wazi. Nina rafiki yuko ofisi ya serikali kwenye masijala, anapokea mafaili anapeleka mafaili, saa tisa na nusu ashatoka, na jioni ni mwalimu wa kwaya ambayo ukiisikia Pasaka unatetemeka. Nikamuuliza hutaki kazi ya muziki? Akaniambia dada, nikilipwa kwa muziki nitaanza kuimba wanachotaka wao. Kazi yake haimsumbui, haimfuati nyumbani, inalipa kodi. Huyo ashapata kazi inayomfaa, na mtu asije kumwambia eti hajajitambua.

Kama umeonja, umefanya hesabu, na jibu bado ni kuondoka, basi ondoka vizuri. Kwa mshahara wa mwezi notisi ya kisheria haipungui siku 28, na mkataba wako unaweza kuwa umeweka zaidi, usome kabla hujaandika barua. Barua iwe fupi, tarehe, sababu mstari mmoja, asante, basi, yale yote uliyomezea miaka minne mwambie mumeo. Angalia michango yako NSSF imefika kweli, mwezi kwa mwezi, kabla hujatoka, kwa sababu ukishatoka kufuatilia mwezi uliorukwa ni safari. Dai cheti cha utumishi, ni haki yako hata kama mmeachana kwa kununiana. Kabidhi kwa maandishi, mafaili, funguo, neno la siri la kompyuta, msaini wote wawili na nakala ubaki nayo. Mimi wakati nahama meza tu nilikabidhi vocha boksi kumi na moja, zimeandikwa mwezi na mwaka juu, na aliyezipokea ni kijana wa Kibosho ambaye mpaka leo ukipita pale saa nne asubuhi unamkuta kainama kwenye leja anapiga mluzi.